Magoti Yaliyosagika: Fahamu Tiba Zilizopo



Tunapopita nyumba kwa nyumba huwa tunauliza habari za homa, kuharisha, vyandarua na kliniki ya watoto. Tukishafunga daftari, mara nyingi mwenye nyumba hujishika goti na kusema, "Na hili je, mbona hamliulizi?" Swali hilo ni la haki. Maumivu ya goti hayaui kama malaria, lakini humzuia mama kuchota maji, humzuia baba kulima bustani yake, na humfanya mtu aliyezoea kujitegemea aanze kuomba msaada kwa kila jambo.

Mama mmoja tuliyemtembelea alikuwa akiuza sehemu ya unga wake wa mgao kila mwezi ili anunue vidonge vya maumivu kwa mchuuzi. Goti lilitulia kidogo, naye akazidi kuvimeza. Siku moja alitapika damu. Alipofikishwa kituo cha afya alikutwa na vidonda vya tumbo. Watoto walikuwa wamekula pungufu, tumbo limeharibika, na goti liko palepale.

Ili hilo lisimpate mwingine, katika toleo hili tunaeleza tiba za goti lililosagika, ipi ianze na ipi ifuate. Neno kubwa la kukumbuka ni hili: goti lililosagika halirudi kuwa jipya, lakini bado linaweza kufanya kazi. Na tiba yake ya kwanza, ambayo ni mazoezi ya misuli, haiuzwi dukani.

GOTI HUSAGIKA VIPI?

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na mbele yake kuna pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, yaani tabaka jeupe, laini na lenye utelezi, kama lile unaloliona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu huzuia mifupa isisuguane na hupunguza mshindo mtu anapotembea.

Gegedu halina mishipa ya damu. Kwa hiyo likikwanguka haliponi kama kidonda cha ngozi. Chakula chake hukipata kutoka kwenye ute ulio ndani ya goti. Mtu anapotembea, gegedu hubanwa na kuachiwa kama sifongo, na ute huingia na kutoka. Ndiyo maana goti linalokaa bila kutumika huzidi kudhoofika.

Gegedu likichakaa kwa miaka mingi huwa jembamba na lenye mikwaruzo. Kiungo chote huathirika: mfupa huota vinundu pembeni, ngozi ya ndani ya goti huvimba, na misuli ya paja hulegea kwa sababu mtu anaogopa kuutumia mguu. Watu husema "magoti yamesagika" au "ute umeisha". Hata hivyo, ute hauishi kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Tena, goti lililochakaa mara nyingine hujaa maji kuliko kawaida.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, na milioni 365 kati yao ni wa magoti.

NI NANI HUPATWA ZAIDI?

- Watu waliovuka miaka 45, na wanawake zaidi ya wanaume.
- Watu wenye uzito mkubwa wa mwili.
- Wanaofanya kazi ya kupiga magoti, kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito kwa miaka mingi. Wengi wetu tumekulia katika jembe la mkono na mizigo ya kichwani, iwe Fizi, Uvira, Makamba au Rutana.
- Walioumia goti zamani. Kijana aliyekatika mshipa wa goti kwenye mpira akiwa na miaka 20 anaweza kuanza kusagika goti kabla ya kufika miaka 40.
- Ambao wazazi au ndugu zao wana tatizo hilohilo.

DALILI ZAKE

Goti huuma unapolitumia, hasa kupanda na kushuka mlima, kuchuchumaa au kuinuka baada ya kukaa. Ukipumzika hupungua. Asubuhi goti hukakamaa, lakini kwa kawaida hulainika kabla ya nusu saa kupita. Linaweza kutoa sauti ya kukwaruza au kuvimba kidogo. Sauti peke yake, bila maumivu, si ugonjwa.

Watu wengi hutuambia, "Nataka nipigwe picha kwanza." Kwa mtu mwenye umri wa miaka 45 au zaidi na mwenye dalili hizo, mganga anaweza kuutambua ugonjwa kwa kumsikiliza na kumpima kwa mikono. Picha ya eksirei si lazima kila mara. Wako watu ambao picha zao zinaonyesha goti lililochakaa sana na hawaumwi, na wako wanaoumwa sana wakati picha inaonyesha uchakavu mdogo. Usiache kuanza mazoezi kwa sababu unasubiri kibali cha kwenda kupigwa picha.

SI KILA GOTI LINALOUMA LIMESAGIKA

Fika kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya haya:

1. Goti limevimba ghafla, lina joto na linauma sana, na mwili una homa. Huenda kuna usaha ndani, na kuchelewa kunaweza kuliharibu goti kwa siku chache.
2. Umeanguka au umegongwa na huwezi kuukanyagia mguu.
3. Goti limekwama, halikunjuki.
4. Mguu mmoja, hasa shavu la mguu, umevimba na unauma bila sababu inayojulikana.

Fika pia mapema, ingawa si kwa haraka kama hiyo, ikiwa goti moja limevimba polepole kwa wiki nyingi huku unakonda na kutoka jasho usiku, kwa kuwa kifua kikuu kinaweza kushika kiungo. Na ikiwa viungo vingi vimevimba, hata vya vidole, na asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi, hiyo inaweza kuwa baridi yabisi, ambayo tiba yake ni nyingine. Mtoto anayechechemea apelekwe mara moja.

HATUA YA KWANZA: MAZOEZI

Watu wengi goti likiuma hukaa kitako wakisubiri lipone. Kupumzika siku moja au mbili goti likiwa limechachamaa si vibaya. Lakini kukaa kwa wiki na miezi hulegeza misuli ya paja, na misuli hiyo ndiyo inayolibebea goti mzigo. Misuli ikilegea, uzito wote huangukia kwenye gegedu lililochoka.

Tofauti na gegedu, misuli hukua tena hata kwa mzee wa miaka 70. Hapo ndipo penye nafuu. Mazoezi haya hayahitaji kifaa chochote zaidi ya mkeka, kiti na tofali:

1. Kukaza paja. Kaa kwenye mkeka, nyoosha mguu. Kaza misuli ya juu ya paja kama unayegandamiza goti chini. Hesabu hadi 5, achia. Rudia mara 10 kila mguu.
2. Kunyoosha mguu. Kaa kwenye kiti. Nyoosha mguu mmoja mbele hadi unyooke, hesabu hadi 5, ushushe polepole. Rudia mara 10 kila mguu.
3. Kukaa na kusimama. Kaa kwenye kiti kilicho imara. Simama bila kujisukuma kwa mikono, kisha kaa polepole. Ukishindwa, anza kwa kusaidiwa na mikono, au weka blanketi lililokunjwa kwenye kiti ili kiwe juu zaidi. Anza mara 5, panda hadi 10 au 15.
4. Kupanda tofali. Simama karibu na ukuta ujishikilie. Panda kwa mguu mmoja juu ya tofali lililolala vizuri, shuka polepole. Mara 10 kila mguu.

Fanya angalau siku 3 kwa wiki. Siku nyingine tembea mahali tambarare, kwa mwendo unaoweza kuzungumza bila kuhema sana.

Goti likiuma kidogo wakati wa mazoezi usiogope, hulisagi zaidi. Kipimo ni asubuhi ya pili. Ikiwa maumivu yamerudi kuwa kama yalivyokuwa, endelea. Ikiwa yamezidi au goti limevimba, punguza idadi, lakini usiache kabisa.

Usitegemee nafuu baada ya siku mbili. Wengi huanza kuiona baada ya wiki 6 hadi 12. Nchini Denmark, tangu mwaka 2013, wagonjwa wa magoti na nyonga hufundishwa kuhusu ugonjwa wao na kufanya mazoezi kwa vikundi mara 2 kwa wiki, kwa muda wa wiki 6, na mpango huo umeigwa na nchi nyingine. Nasi hatushindwi kukutana akina mama watano chini ya mwembe.

HATUA YA PILI: KUMPUNGUZIA GOTI MZIGO

Mtu anapotembea, kila hatua goti hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili. Kwa hiyo kila unachokipunguza kina faida.

- Uzito wa mwili. Kwa mtu mnene, kila kilo moja anayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Lakini mtu mwembamba, mama mjamzito au anayenyonyesha asipunguze chakula kwa sababu ya goti.
- Maji. Dumu la lita 20 lina kilo 20. Badala yake beba la lita 10 mara mbili, au tumia baiskeli au toroli. Vijana wa nyumbani, hapa ndipo mahali penu.
- Kuni. Jiko banifu hutumia kuni chache, na kuni chache maana yake ni safari chache na mizigo midogo. Liinue jiko juu ya matofali ili mama apike akiwa amekaa kwenye kiti, asipike akiwa amechuchumaa au juu ya kigoda kifupi.
- Choo. Wazee wengi hutuambia kwa aibu kwamba choo cha shimo ndicho kinachowatesa kuliko safari yoyote. Fundi seremala anaweza kutoboa tundu kwenye kiti cha mbao kikawekwa juu ya shimo. Funga pia kamba imara au mti ukutani wa kujishikilia. Mzee asiache kunywa maji au kula ili tu asiende chooni.
- Ibada. Anayeshindwa kupiga magoti au kusujudu anaweza kusali akiwa amekaa kwenye kiti. Waulize viongozi wa dini yako, watakuelekeza.
- Fimbo. Ishike kwa mkono wa upande wa pili wa goti linalouma. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, na iende mbele pamoja na mguu unaouma. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima. Ukipanda mlima tanguliza mguu mzima; ukishuka tanguliza unaouma.

Kitambaa cha maji ya moto kiasi husaidia goti lililokakamaa. Kitambaa cha maji baridi husaidia lililovimba.

HATUA YA TATU: DAWA

Dawa hutuliza maumivu ili uweze kutembea na kufanya mazoezi. Hakuna kidonge kinachootesha gegedu.

Dawa ya kupaka yenye diklofenaki au ibuprofeni ndiyo ya kuanzia, kama inapatikana, kwa sababu kiasi kidogo tu ndicho kinachoingia kwenye damu.

Vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki pia hutuliza maumivu, lakini vina madhara yake. Vinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Asivitumie mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, mama mjamzito, wala mtu aliyeishiwa maji mwilini kwa kuharisha. Mzee na mwenye presha amwone mganga kwanza. Meza baada ya kula, kwa kiasi kidogo kinachotosha na kwa siku chache. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki. Ni dawa za ukoo mmoja. Soma jina dogo lililoandikwa kwenye pakiti, maana dawa ileile huuzwa kwa majina mengi.

Parasetamoli si kali kwa tumbo, lakini kwa ugonjwa huu nafuu yake ni ndogo. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Ukizidisha, unaharibu ini.

TAHADHARI KUBWA. Wachuuzi wengine hutoa vidonge vidogo visivyo na pakiti na kusema ni "dawa ya magoti". Baadhi yake ni deksamethasoni au prednisoloni. Maumivu hukimbia kweli, lakini ukiendelea kumeza, uso huvimba, sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika na mwili hushindwa kupigana na maradhi. Kama umezitumia kwa wiki kadhaa usiziache ghafla. Hilo nalo ni hatari. Njoo nazo kituoni, hutagombezwa. Utaelekezwa namna ya kuziacha.

SINDANO JE?

Sindano za maumivu za matakoni hazina faida ya kudumu kuliko vidonge. Zikichomwa na asiyesomea zinaweza kuharibu mshipa wa fahamu mtu akalemaa mguu, au kuleta jipu. Sindano iliyotumika huambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Ipo sindano ya steroidi inayochomwa ndani ya goti lenyewe. Hii ni kazi ya daktari, kwa usafi wa hali ya juu. Hutuliza maumivu kwa wiki kadhaa, kisha nguvu yake hupungua. Si ya kurudia mara kwa mara. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba wagonjwa waliochomwa kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2 walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa pungufu.

HATUA YA MWISHO: UPASUAJI

Kwa goti lililoharibika kabisa, ambalo humnyima mtu usingizi na kutembea hata baada ya kufanya yote tuliyotaja, uko upasuaji wa kuweka goti la bandia. Hapa Tanzania hufanyika katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kigoma. Ni upasuaji mzuri. Tafiti zimeonyesha kwamba magoti ya bandia kama 8 kati ya 10 hudumu miaka 25. Lakini ni ghali, nafasi ni chache, na hauna faida bila mazoezi baada yake. Kwa mtu wa miaka 40 anayefanya kazi nzito, daktari anaweza kufikiria kunyoosha mfupa uliopinda badala ya kubadilisha goti, kwa kuwa goti la bandia huchakaa.

Tusiwadanganye: rufaa ya namna hiyo ni ngumu kupatikana. Hata hivyo, asiyeipata asijione ametupwa. Katika utafiti uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2015, watu 100 waliostahili goti la bandia waligawanywa makundi mawili. Waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi, lakini pia matatizo makubwa zaidi. Kati ya 50 waliopewa mazoezi, ushauri na dawa bila upasuaji, ni 13 tu walioamua kupasuliwa ndani ya mwaka mmoja.

Kuosha na kukwangua goti kupitia tundu dogo hakusaidii ugonjwa huu. Mwaka 2002 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba waliooshwa goti hawakupata nafuu kuliko waliochanjwa ngozi tu.

MANENO TUNAYOYASIKIA

"Bamia na supu ya kongoro hurudisha ute." Ni vyakula vizuri, kula ukivipata. Lakini utelezi wake husagwa tumboni kama chakula kingine, hauendi gotini.

"Nichanjwe chale, ugonjwa utoke na damu." Chale haifiki kwenye gegedu. Wembe mchafu huleta usaha na maambukizi, na goti likiingia usaha unaweza kulipoteza.

"Vidonge vya glukosamini hujenga gegedu." Tafiti nyingi hazikuona tofauti ya maana kati yake na vidonge visivyo na dawa. Usiuze chakula cha watoto kuvinunua.

"Ni uzee tu, nivumilie." Uzee hauzuii misuli kupata nguvu. Anza na mara 5 za kukaa na kusimama, leo.

KWA KUMALIZIA

Yule mama tuliyemtaja mwanzo alitibiwa tumbo, akafundishwa mazoezi na kutengenezewa fimbo. Goti lake bado huuma siku za baridi na anapopanda mlima. Lakini anakwenda mwenyewe kwenye mgao, na unga wake anarudi nao nyumbani.

Ukitaka kuonyeshwa mazoezi haya, mwulize mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaa wako, au fika kituo cha afya kilicho karibu nawe na uulizie mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.

Tunawatakia afya njema.